Njia ya miguu ndiyo mtaji wa hoteli ya pwani

Mwenye kiwanja cha ufukweni, awe Pangani, Kilwa au Malindi, akiulizwa atauza nini, jibu lake huwa ni lile lile: bahari, mchanga na vitanda. Ni jibu la haraka na lina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba majirani zake wa kushoto na kulia wanauza vitu hivyo hivyo. Pale wauzaji watatu wanapokuwa na bidhaa moja, kinachobaki cha kushindania ni bei, na katika vita ya bei mwenye mtaji mdogo ndiye huanguka wa kwanza.

Inafaa basi kuitazama nchi ambayo bahari yake ni baridi, fukwe zake nyingi ni kokoto, na jua lake halina mkataba na mtu. Kwa hesabu ya kawaida Uingereza isingekuwa na hoteli ya pwani hata moja inayojiendesha, hasa tangu ndege za bei nafuu zilipoanza kuwapeleka Waingereza Hispania na Ugiriki kutafuta joto. Lakini zipo, na miongoni mwa zinazosimama kwa miguu yake ni zile zinazopokea watu wanaokuja kutumia miguu yao.

Biashara yenyewe ni hii. Mgeni anapanga hoteli moja ya pwani kwa siku nne au juma zima. Kila asubuhi anavaa buti, anachukua chakula alichofungashiwa, na kutembea kilometa 10 hadi 20 juu ya majabali ya kando ya bahari, mara nyingi katika kundi lenye kiongozi. Jioni anarudi kitanda kile kile, anaoga, anakula na kusikiliza maelezo ya safari ya kesho. Wengine hawatii hata mguu majini. Hawaulizi kama hoteli ina bwawa la kuogelea wala muziki wa usiku. Wanachonunua ni njia, na kitanda ni kifungashio chake.

Asili ya biashara hii haiko kwa matajiri. Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya pamba vya Lancashire vilikuwa vikifungwa kwa takriban juma moja kila kiangazi. Wafanyakazi, ambao walikuwa wamedunduliza mwaka mzima katika vyama vyao vya akiba, jambo linalofanana sana na kibubu na upatu wa huku kwetu, walipanda treni hadi Blackpool na Morecambe na kuzitumia fedha hizo zote kwa siku chache. Mchungaji mmoja wa mji wa Colne, T. A. Leonard, aliona kwamba fedha zile zinawatoka watu bila kuwapa hata mapumziko. Mwaka 1891 aliwachukua wanaume wapatao 30 wa kanisa lake hadi Ambleside, katika milima ya kaskazini magharibi mwa England, wakatembea kwa miguu siku chache kwa gharama ndogo.

Safari ile ilizaa chama cha likizo za ushirika, na mwaka 1913 Leonard huyo huyo, akiona chama kimeanza kuelekea kwa watu wenye nafasi, alijitoa na kuanzisha kingine kilichoitwa Holiday Fellowship. Ndicho kinachojulikana sasa kama HF Holidays, na kimekuwa kikiendesha nyumba za wageni milimani na pwani, kama ile ya Freshwater Bay katika kisiwa cha Wight na nyingine Alnmouth, Northumberland. Kwa biashara iliyoanza na fedha za wafuma nguo, kupita vita kuu mbili na kuvuka miaka 100 si jambo dogo. Makampuni mengi yaliyoanza na mitaji minono yamekwishasahaulika majina.

Siri ya kwanza iko kwenye kalenda. Hoteli ya pwani ya Uingereza inayotegemea familia zenye watoto ina msimu wa kweli wa majuma sita hivi, wakati shule zimefungwa mwezi Julai na Agosti. Hoteli ya vyumba 20, ikijaa kabisa kwa siku zote 42, itauza usiku 840 wa chumba. Mtembeaji haogopi manyunyu, mara nyingi ni mtu mzima asiyefungwa na ratiba ya shule, tena wengine ni wastaafu, na joto kali hulikwepa. Kwake yeye msimu huanza Aprili na kuishia Oktoba. Hiyo ni zaidi ya siku 210. Hata kama nusu ya vitanda vitalala vitupu, hoteli ile ile itauza usiku 2,100. Riba ya benki haina kiangazi wala masika, inatakiwa kila mwezi, na tofauti kati ya 840 na 2,100 ndiyo tofauti kati ya hoteli na gofu.

Siri ya pili ni matumizi. Mgeni anayeshinda ufukweni anahitaji viti, miavuli, waokoaji, baa iliyo wazi mchana kutwa na vijana wa kumhudumia. Mgeni anayetembea ameondoka tangu saa tatu asubuhi na hatarudi kabla ya saa kumi jioni. Katikati hapo nyumba inafanyiwa usafi kwa utulivu na mpishi ana nafasi ya kuandaa chakula kimoja kikubwa cha jioni. Chakula cha mchana ni mkate, jibini, tunda na keki katika mfuko. Katika HF hata viongozi wa misafara kwa desturi ni watu wa kujitolea, ambao malipo yao ni malazi na chakula. Hapo msomaji asikurupuke: kujitolea kwa Mwingereza mwenye pensheni si kitu cha kuigwa na mwajiri wa Bagamoyo, ambaye kijana wake wa kuongoza wageni ana watoto wa kulisha. Huyo alipwe.

Lakini siri zote hizi hazina thamani kama njia haipo, na hapa ndipo biashara hii inapomshangaza mwenye hesabu za kawaida. Mali kuu ya hoteli haimo katika vitabu vya hoteli.

Njia mashuhuri kuliko zote ni ile ya pwani ya kusini magharibi ya England, inayoanzia Minehead, Somerset, na kuzunguka Devon na Cornwall hadi mlango wa bandari ya Poole, Dorset. Urefu wake ni kilometa 1,014. Anayeimaliza yote, kwa jumla ya kupanda kwake, hukwea meta 35,000 hivi, karibu mara nne ya mlima Everest, ingawa mlima halisi katika njia hiyo haupo. Haikuchorwa na afisa utalii. Sehemu kubwa ilikanyagwa na walinzi wa pwani waliokuwa wakiwawinda wafanya magendo ya pombe, tumbaku na chai, na kwa kuwa mlinzi alitakiwa kuchungulia kila ghuba, njia haiachi ghuba hata moja. Kazi ya ushuru wa forodha imekwisha zamani, lakini nyayo zake zimekuwa rasilimali.

Ili nyayo zibaki, ilibidi sheria iingie. Mwaka 1932 vijana wa Manchester na Sheffield walivamia kwa miguu mlima wa Kinder Scout uliokuwa shamba la kuwindia la matajiri, na baadhi yao wakafungwa gerezani. Mwaka 1949 Bunge likapitisha sheria ya hifadhi za taifa na ya kuandikisha njia za umma katika ramani rasmi. Mwaka 2009 ikaja sheria ya kuwezesha njia kuzunguka pwani yote ya England, na ndani yake kuna kifungu ambacho mfanyabiashara makini angekisoma mara mbili: pwani ikimomonyoka, njia nayo inaweza kusogezwa nyuma pamoja na ukingo. Yaani walikubali kwenye karatasi kwamba bahari inakula ardhi, wakaiwekea njia miguu. Wales walimaliza njia yao ya pwani, ya kilometa zipatazo 1,400, mwaka 2012.

Wapo watakaosema huo ni ujamaa, kwamba mwenye ardhi ananyang'anywa ili watu watembee bure. Waende Lulworth, katika jimbo la Dorset. Pale pana ghuba ya mviringo na tao la mwamba liitwalo Durdle Door, na ardhi hiyo ni mali binafsi ya familia ya Weld. Njia ya umma inapita katikati, na mwenye miguu hatozwi kitu. Gari ndilo linalotozwa. Mwenye shamba ana viwanja vya kuegeshea magari, na vibanda vya chai na malazi hupata riziki zao pembeni. Mwenye mali hakupoteza mali, alichagua tu mahali pa kuweka lango. Angeliweka njiani, angekusanya ada siku chache na magomvi mwaka mzima.

Lulworth hiyo hiyo inaonyesha pia hatari ya mtaji usio wako. Mashariki ya ghuba ni uwanja wa jeshi wa kulengea shabaha. Kijiji cha Tyneham kilihamishwa Desemba 1943 kwa ajili ya vita, na wenyeji hawakurudishwa hadi leo. Njia ya hapo hufunguliwa siku nyingi za mwisho wa juma na nyakati za likizo kama Agosti. Siku nyingine bendera nyekundu hupanda, mizinga huanza, na mwenye hoteli inabidi awapeleke wageni upande wa magharibi. Mwenye hoteli anayeipanga ratiba bila kalenda ya jeshi anajitafutia aibu.

Hata hivyo kipimo kikali zaidi kilikuja mwaka 2001. Februari ya mwaka huo ugonjwa wa miguu na midomo uligunduliwa miongoni mwa nguruwe, na kwa kuhofia kwamba buti za watembeaji zingeusambaza, njia za mashambani zilifungwa karibu nchi nzima. Wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa. Hakuna hoteli iliyougua. Vitanda vilikuwepo, wapishi walikuwepo, na bahari ilikuwa palepale. Lakini wageni walifuta safari zao kwa sababu bidhaa waliyoilipia ilikuwa imefungwa kwa kamba na tangazo la halmashauri. Mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali baadaye alikadiria hasara ya sekta binafsi kuwa zaidi ya pauni bilioni 5, na sehemu kubwa ya hasara hiyo iliangukia utalii na wanaoutegemea. Mkulima alilipwa fidia ya ng'ombe wake. Mwenye hoteli hakulipwa fidia ya kitanda kitupu, na wengi waliishia kupewa nafuu ndogo ndogo za kodi.

Somo hilo liliwafungua macho hata wanasiasa, ambao kwa miaka walidhani shamba linalisha kijiji na utalii ni mapambo. Liliwapa pia wenye hoteli sababu ya kukaa meza moja na wakulima wanaopakana na njia, ambao hapo awali walionana kama wageni.

Waitaliano wameamua tofauti. Katika vijiji vitano vya Cinque Terre, vilivyokaa juu ya majabali ya Liguria, mtembeaji hununua kadi ya hifadhi kabla ya kukanyaga njia kuu ya pwani. Kipande kimoja maarufu kati ya Riomaggiore na Manarola, kisichofika hata kilometa moja, kilifungwa Septemba 2012 baada ya mawe kuporomoka na kujeruhi watalii. Kilikaa kimefungwa karibu miaka 12. Kilipofunguliwa tena mwaka 2024, baada ya ukarabati uliogharimu zaidi ya euro milioni 20, tiketi yake ilikuwa euro 10 juu ya kadi. Hapo hoja ya kulipia ina nguvu, kwa kuwa njia imechongwa ukutani, wageni ni wengi kupita uwezo wa vijiji na matengenezo hayana mwisho. Lakini mfano huo usichukuliwe kijuujuu. Ada inafaa mahali penye foleni. Mahali ambapo bado unamtafuta mgeni wa kwanza, ada ya njiani ni ukuta.

Upande wa hisa nao una la kusema, kwani wasomaji wengi hawana kiwanja ila wana akiba wanayotafutia pa kuiweka. HF Holidays ni ushirika unaomilikiwa na wanachama. Neno ushirika limechafuka masikioni mwa wafanyabiashara wengi wa Tanzania, na wana sababu: vyama vikuu vilivunjwa kwa amri mwaka 1976, na viliporudishwa vingi vilirudi na madeni. Ushirika wa aina ya Uingereza ni jambo jingine, japo nao si mgodi wa dhahabu. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa kumi au elfu kumi. Hisa ya kuweka na kutoa haipandi bei kama zile za soko la hisa. Ukiweka pauni 500 utatoa pauni 500, pamoja na riba kama uongozi umeitangaza. Tangu mwaka 2014 sheria inaruhusu mtu mmoja kushika hisa za namna hiyo hadi pauni 100,000. Na bodi ina uwezo wa kuzuia watu wasitoe fedha wakati mambo yamekuwa magumu.

Mambo huwa magumu. Machi 2020 hoteli zote zilifungwa kwa sababu ya korona, na zile za England hazikufunguliwa hadi tarehe 4 Julai, miezi ambayo ndiyo mizuri kwa watembeaji. Anayedhani hisa ya hoteli ni sawa na akaunti ya akiba ajiulize angejisikiaje Aprili ile. Faida ya kweli ya mwanachama haiko katika gawio. Iko katika kwamba mwenye hisa ndiye mteja, na mteja wa namna hiyo hakimbii kwa sababu jirani amepunguza bei kwa asilimia 10. Kampuni hulipa fedha nyingi za matangazo kutafuta uaminifu wa aina hiyo, na mara nyingi haiupati.

Je, yote haya yanaingiaje katika pwani ya kusi na kaskazi? Si kwa kunakili. Joto la Januari halimruhusu mtu kutembea kilometa 20 mchana, kwa hiyo safari ingepaswa kuanza alfajiri na kumalizika kabla ya saa nne. Pwani nyingi hazina majabali, zina mikoko, na mkoko hautembeleki bila daraja la mbao au mwenyeji anayejua vijia vyake. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia meta 4. Ni kidogo ukilinganisha na mlango wa mto Severn, ambako hufikia meta 14, lakini zinatosha kumkatia mgeni njia ya kurudi. Ratiba ya hoteli ya namna hii ingefuata jedwali la maji, na mtu wa kulisoma ni mvuvi wa kijiji. Yeye hana cheti cha utalii, lakini hajawahi kupishana na bahari.

Kilicho wazi ni jinsi mwelekeo wa sasa unavyokwenda kinyume. Mwekezaji anapata kiwanja, na kazi ya kwanza ni ukuta. Ukuta unashuka hadi penye mchanga, njia ya wavuvi na wakusanya kaa inakatwa, na mlinzi anawekwa. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni, lakini kuta zisizojua hesabu hiyo hazihitaji kutafutwa kwa tochi. Jirani naye anajenga wake. Hoteli tano zikishafanya hivyo, mgeni wa kila moja ana meta 100 za kutembea, anazimaliza kwa dakika mbili, halafu anarudi kukaa kwenye kiti na kulinganisha bei.

Gharama ya kuacha njia wazi ni ndogo mno ukilinganisha na jenereta moja: kibao cha mbao kila kilometa, panga la kufyekea mara mbili kwa mwaka, na makubaliano ya maandishi na serikali ya kijiji juu ya nani anapita wapi, nani anauza madafu wapi, na nani anaongoza wageni kwa malipo gani. Kinachokuwa kigumu ni kwamba lazima majirani wote wakubali. Mmoja akifunga, njia imekufa kwa wote, na aliyefunga hapotezi zaidi ya wengine. Ndiyo maana Waingereza hawakuiacha kwa hiari ya mtu na mtu. Huku, mpaka halmashauri za pwani zitakapoandika njia hizo katika ramani za viwanja kabla ya kugawa, na si baada ya kesi, mnunuzi atalazimika kujifanyia uchunguzi mwenyewe.

Kwa anayetafuta kiwanja msimu huu, basi, kabla ya kuuliza bei ya eka afike saa 12 asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, asimame ufukweni na kuhesabu watu wanaopita kwa miguu. Aulize wanatoka wapi na wanakwenda wapi, na kama wanaweza kufika kijiji cha pili bila kuzunguka barabarani. Kiwanja ambacho bado kinapitika pande zote mbili kina thamani ambayo dalali hajaiweka kwenye bei, kwa kuwa dalali huhesabu meta za mbele ya bahari peke yake.